Kulinda Macho: Mwongozo Kamili kwa Mkristo Aliyechoka Kuanguka Palepale

Macho hayana pazia. Wahenga walisema, na wengi wetu tunautumia msemo huu kujitetea. Mtu amekodoa macho mpaka shingo inamuuma, ukimuuliza anacheka: "Sasa nifanyeje, macho hayana pazia!" Na kwa kiasi fulani ana haki. Hakuna anayechagua kila kinachopita mbele yake. Ukitoka nje utaona, ukiwasha simu utaona, hata ukikaa kanisani utaona.

Ayubu naye hakuwa na pazia. Alichokuwa nacho ni agano: "Nilifanya agano na macho yangu" (Ayubu 31:1). Alipokuwa anasema maneno hayo, agano lilikuwa limeshafanyika zamani. Hakungoja msichana apite ndipo aanze kujadiliana na nafsi yake. Sisi tunafanya kinyume: tunatafuta mkakati saa sita usiku, simu iko mkononi, taa imezimwa, na moyo umeshaegemea upande mmoja. Maombi ya saa hiyo Mungu anayasikia, sikatai, lakini uamuzi wa saa hiyo ni mgumu mara kumi kuliko ambao ungeufanya mchana. Hatua zote zilizo hapa chini zinakwenda huko: kuamua mapema, ukiwa umeshiba, umelala vizuri na akili imetulia, ili jaribu likija likute mengi yameshaamuliwa.

Neno moja kabla ya kuanza. Haya si ya wanaume peke yao. Wako akina dada wanaoteseka kimya kwa sababu kila mahubiri ya jambo hili yanamweka mwanamume kuwa mtazamaji na mwanamke kuwa mtazamwaji. Kama wewe ni dada na unasoma haya, soma kama yako.

Hatua ya 1: Tofautisha kuona na kutazama

Watu wenye dhamiri nyororo huteseka bure hapa. Mtu amekutana na tangazo lisilo na staha, siku nzima anajiona mchafu. Mwingine ameota ndoto, anaamka akidhani ameshazini. La hasha. Yesu alimzungumzia yule "atazamaye mwanamke kwa kumtamani" (Mathayo 5:28), mtu ambaye macho yake yana nia. Kilichokatiza mbele yako bila kuitwa si dhambi yako. Hesabu inaanza pale unapokirudia.

Soma 2 Samweli 11, mistari minne ya kwanza, polepole. Ni majira ya wafalme kwenda vitani, ila Daudi amebaki Yerusalemu. Jioni anaondoka kitandani, anatembea juu ya dari ya jumba, anamwona mwanamke anaoga. Mpaka hapo mimi ningemtetea. Angegeuka akashuka zake, habari ingeishia darini na sisi tusingeijua kamwe. Lakini akatuma mtu kuuliza. Jibu lililorudi lilikuwa swali: huyu si Bathsheba, binti Eliamu, mkewe Uria Mhiti? Mtumishi yule, kwa adabu zote za ikulu, alimkumbusha mfalme kwamba mwili aliouona una jina, una baba, una mume. Na mume mwenyewe hakuwa mgeni: Uria yumo katika orodha ya mashujaa wa Daudi (2 Samweli 23:39). Paulo anasema pamoja na kila jaribu Mungu hufanya "mlango wa kutokea" (1 Wakorintho 10:13). Mlango wa Daudi ulikuja kwa sauti ya mtumishi, naye akaupita bila kuugusa.

Kwa hiyo zoezi la kwanza ni la sekunde chache. Ukigundua jicho limenasa, geuza shingo nzima, maana macho yakigeuka peke yake hurudi upesi. Kisha sema moyoni: "Huyu ni binti wa mtu," au "Huyu ni mume wa mtu, ni kaka yangu." Paulo alimwagiza Timotheo awatendee wanawake vijana kama ndugu zake wa kike, katika usafi wote (1 Timotheo 5:2), na undugu huo ukitamkwa, hata kimoyomoyo, tamaa inapungua makali. Halafu endelea na shughuli yako. Usisimame kujihoji kama ulitamani au hukutamani, kwa sekunde ngapi, kwa kiwango gani. Mahojiano ya namna hiyo ni njia nyingine ya kuendelea kuitazama ile picha.

Hatua ya 2: Wiki mbili za daftari

Kabla ya kubadilisha chochote, jichunguze. Chukua daftari dogo, na kila mara macho yanapokushinda, au yanapokaribia kukushinda, andika saa, mahali, ulichokuwa unafanya dakika kumi kabla, na hali ya moyo. Kama unaishi na watu, tumia alama unazozielewa wewe. Usiandike ulichokiona. Andika mambo ya namna hii:

"Jumanne, saa 5:40 usiku, kitandani. Nimetoka kugombezwa kazini, bado nina hasira. Nilifungua simu kuangalia matokeo ya mpira."

"Alhamisi, saa 8 mchana, nyumbani peke yangu. Sijala tangu asubuhi."

"Jumapili, saa 3 usiku. Ibada ilikuwa na nguvu sana leo, niliongoza sifa. Nimechoka."

Wiki ya pili ikiisha, soma ulichoandika kama unasoma habari za mtu mwingine. Utashangaa jinsi adui alivyo mvivu: anakuja kwa njia ileile, saa ileile. Kwa wengi mambo yanayojirudia ni njaa, hasira, upweke na uchovu. Kwa wanaotumika kanisani kuna jambo la tano lisilosemwa sana, nalo ni ile saa baada ya huduma kwenda vizuri. Mwili umechoka, sifa bado zinalia masikioni, na moyoni kuna sauti inayosema leo unastahili kapumziko kadogo. Daudi hakuanguka akimkimbia Sauli mapangoni. Alianguka akiwa mfalme, jeshi lake likishinda.

Daftari hili ndilo litakalokuambia hatua zipi kati ya hizi zinakuhusu. Mtu ambaye mistari yake yote inasema "kitandani, usiku" hana haja ya kuanza kwa kuogopa barabara.

Hatua ya 3: Andika agano

Liandike kwa mkono, kwa maneno yako. Agano zuri lina mambo yanayoweza kupimwa. "Nitakuwa msafi" hayapimiki. "Simu italala sebuleni" yanapimika. Asubuhi utajua kama ulifanya au hukufanya. Mfano:

"Mbele za Bwana Yesu aliyeninunua kwa damu yake, nafanya agano na macho yangu. Simu haitaingia chumba ninacholala. Baada ya saa 3 usiku sitaangalia video nikiwa peke yangu. Nikiona kisichofaa nitageuka bila kujadiliana. Nikianguka nitamwambia ndugu yangu kabla jua la kesho yake halijazama. Bwana, kwa nguvu zangu siwezi. Unigeuze macho yangu nisitazame visivyofaa, unihuishe katika njia yako."

Sentensi ya mwisho ni Zaburi 119:37, na ukiweza kuishika kichwani uombe kila asubuhi kabla ya kugusa simu, umepata silaha fupi inayotosha mfukoni.

Tahadhari: usijifunge kwa laana. Nimewasikia vijana wakiapa, "Nikitazama tena Mungu anipofushe." Yesu alikataza viapo vya namna hiyo, na Mhubiri anasema ni afadhali usiweke nadhiri kuliko kuiweka usiiondoe (Mhubiri 5:5). Kiapo cha kujilaani kina madhara mengine pia: siku ukiteleza unamkimbia Mungu badala ya kumkimbilia.

Hatua ya 4: Simu

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo vita vingi vilipo siku hizi.

Yesu alisema jicho la kuume likikukosesha, uling'oe (Mathayo 5:29). Hakumaanisha kisu, kwani aliyebaki na jicho moja bado anaweza kutamani, na hata asiye na macho kabisa anaweza. Alimaanisha kwamba kinachokuangusha kitolewe hata kama ni cha thamani na kina faida. Ndiyo maana hoja ya "lakini hii programu natumia kwa biashara" haimalizi mazungumzo. Jicho la kuume nalo lilikuwa na kazi.

Anza na mahali simu inapolala. Simu isilale chumbani. Utasema unaitumia kama kengele ya kuamkia. Nunua saa ya mezani. Kama simu lazima iwe karibu kwa sababu ya mgonjwa au kazi ya dharura, iache ikiwa imewashwa sauti, mbali na kitanda, mahali ambapo kuifikia ni lazima usimame na uwashe taa. Ukitekeleza hili peke yake, na kama daftari lako limejaa neno "kitandani", umeshafunga mlango mkubwa kuliko yote.

Pili, elewa jinsi mitandao inavyokulisha. Haisubiri ubonyeze kwamba umependa. Inapima umekaa muda gani kwenye video, umeirudia au umeipita, kisha inakuletea zinazofanana nayo. Kukawia kwenye picha ni kama kuagiza nyingine. Sasa geuza kanuni hiyo ikutumikie wewe. Ingia kwenye mipangilio, futa historia ya ulivyotazama na ulivyotafuta. Acha kuwafuata wote unaowafuata kwa sababu unayoijua mwenyewe moyoni, bila kuwahukumu. Kila kisichofaa kikitokea, bonyeza sehemu ya kusema huvutiwi na vitu hivyo, upite haraka. Baada ya muda utaona kinacholetwa kinaanza kubadilika. Kisipobadilika, ondoa hiyo programu. Tamaa inayoanza kukulilia kwamba utapitwa na habari itanyamaza yenyewe.

Tatu, weka kichujio. Kwenye simu za Android kuanzia toleo la 9, fungua mipangilio, nenda sehemu ya mtandao, tafuta mahali pa DNS ya faragha (DNS ni mfumo unaoielekeza simu kwenye tovuti unayoitaka), chagua kuandika jina la mtoa huduma, kisha andika family.cloudflare-dns.com. Ni huduma ya bure ya kampuni ya Cloudflare iliyoanza mwaka 2020, inayozuia tovuti za ngono pamoja na zile zenye programu hasidi. Ukitaka ilinde nyumba nzima, namba 1.1.1.3 inawekwa kwenye ruta, kile kifaa kinachogawa intaneti nyumbani. Kwenye iPhone, sehemu ya muda wa kutumia skrini ina kizuizi cha tovuti za watu wazima. Kiwashe, halafu mtu mwingine aweke namba ya siri ambayo wewe hutaijua. Google na YouTube nazo zina vichujio vyake ndani ya mipangilio.

Usivitegemee kupita kiasi. Kichujio cha DNS kinazuia tovuti, hakioni kilichomo ndani ya mitandao ya kijamii, na mwenye VPN, yaani programu inayopitisha mtandao wake njia nyingine, anakizunguka. Kazi yake halisi ni kukuchelewesha. Ukikuta mlango umefungwa unapata dakika moja ya kujiuliza unakwenda wapi, na dakika hiyo mara nyingi inatosha.

Nne, WhatsApp. Zima kupakua picha na video zenyewe, ili kisiingie kwenye simu yako ila ulichokibonyeza. Kwenye faragha, weka kwamba wanaoweza kukuongeza kwenye makundi ni watu unaowafahamu tu. Nyamazisha status za wale ambao ukizifungua hutoki salama. Na lile kundi la marafiki wa zamani ambalo kila usiku lazima mtu arushe uchafu, toka. Hakuna haja ya kuandika waraka wa kuaga.

Jaribu pia kugeuza skrini iwe nyeusi na nyeupe. Simu nyingi zina sehemu hiyo kwenye mipangilio. Ni jambo dogo, ila simu isiyo na rangi inachosha haraka.

Hatua ya 5: Mbele za watu

Njiani, kazini, chuoni, kanisani, huwezi kuweka kichujio. Na hapa naona wapendwa wengi wanapotea upande wa pili: kijana ameamua kulinda macho, sasa hasalimii akina dada, anajibu akiangalia sakafu, dada wa watu anabaki kujiuliza amekosa nini. Huko ni kumfanya ndugu yako kuwa hatari. Yesu alikaa kisimani akazungumza na mwanamke Msamaria mpaka wanafunzi wake wakastaajabu (Yohana 4:27). Mtazame mtu usoni, msikilize anachosema. Uso una mtu ndani yake, na ukimzoea mtu kama mtu, kazi imepungua.

Suala la mavazi lazima lije, basi tulimalize. Mavazi yana mafundisho yake, na yafundishwe mahali pake. Lakini Yesu alipozungumzia kutamani alisema jicho lako. Hakugusia vazi la mwanamke. Anayeanza safari ya usafi kwa kulalamikia wanavyovaa wengine ataisubiri dunia ibadilike kwanza.

Ziko pia hali ambazo kugeuza shingo hakutoshi, inabidi uondoke. Yusufu hakubaki kwa mke wa Potifa kumwelimisha. Aliacha vazi mkononi mwake akakimbia (Mwanzo 39:12). Na tuna mfano wa kinyume kutoka karne ya nne. Augustino, aliyekuja kuwa askofu wa Hippo huko Afrika Kaskazini, alikuwa na rafiki aitwaye Alypius aliyekuwa akisoma sheria Roma. Alypius alichukia michezo ya watu kuuana uwanjani. Siku moja wenzake wakamburuta kwa nguvu za kirafiki. Akawaambia: mwili mtaupeleka, lakini macho na moyo hamtavipata. Akaketi, akafumba macho kabisa. Katikati ya mapambano mtu akaanguka, uwanja mzima ukapiga ukelele, naye kwa udadisi akafumbua aone kulikoni. Alipoiona damu hakugeuka tena. Alipiga kelele na wengine, na alipoondoka alitamani kurudi, akawavuta na wengine waje. Nia yake ilikuwa njema. Kosa lake lilikuwa kukubali kukaa pale akiamini kope zake zitamtosha. Ukialikwa mahali ambapo unajua lazima ukae umefumba macho, usiende.

Tusimwache uwanjani lakini. Baadaye Alypius alibatizwa, akawa askofu wa Thagaste.

Hatua ya 6: Mtu mmoja anayejua

"Ungameni dhambi zenu ninyi kwa ninyi, na kuombeana, mpate kuponywa" (Yakobo 5:16). Mstari huu tunauhubiri vizuri sana na tunaufanya kwa nadra. Dhambi ya macho inapenda siri, na siri ikivunjika hata kwa mtu mmoja, nguvu yake inapungua kwa namna ambayo ni vigumu kuamini mpaka uonje.

Mchague mtu wa jinsia yako, aliyekomaa, asiyeshtuka ovyo na asiyesambaza maneno. Mtazame kwanza anavyosimulia habari za wengine. Anayekuletea siri za watu atazipeleka na zako. Mweleze hali yako mara moja kwa ukweli, bila maelezo ya kina ya ulivyovitazama, kisha mkubaliane mambo mawili: siku ya kuulizana kila wiki, na ujumbe wa dharura. Ujumbe uwe mfupi ili usihitaji ujasiri mwingi kuutuma: "Kaka, niko vibaya sasa hivi. Nipigie." Uandike leo, uuhifadhi. Usiku wa jaribu hutapata maneno.

Naye asikuulize tu, "Unaendeleaje kiroho?" Swali hilo kila mtu analijibu kwa amina. Akuulize: simu ililala wapi wiki hii? Kuna usiku uliobaki peke yako? Kuna jambo ulitarajia nisikuulize?

Kwa wenye ndoa, mwenzako anastahili kuujua ukweli, hasa kama imekuwa tabia. Ila usimgeuze kuwa polisi wako wa kila siku. Kwake hilo ni jeraha, na anayeuguza jeraha hawezi pia kushika zamu ya ulinzi. Tafuteni mchungaji au mshauri wa ndoa awasaidie katika kuambiana kwenyewe, na mzigo wa kila wiki ubebe na yule ndugu.

Hatua ya 7: Usiache nyumba tupu

Yesu alisimulia habari za pepo aliyemtoka mtu, akarudi akakuta nyumba tupu, imefagiwa na kupambwa, akaingia na wenzake saba (Mathayo 12:43-45). Ukifuta programu, ukatoka makundini, ukaiweka simu sebuleni, utapata saa nyingi ambazo hukuwa nazo. Kama hukupanga cha kuziweka ndani, wiki ya tatu utakuwa umerudi.

Rudi kwenye daftari, tazama zile saa mbaya, na kila moja uipe kazi. Saa ya upweke ipe mtu: mpigie mzazi, mtembelee mgonjwa, jiunge na mazoezi ya kwaya. Saa ya uchovu ipe usingizi. Wako watu wanakemea mapepo wakati wanachohitaji ni kulala saa mbili mapema. Saa ya hasira ipe mwendo wa miguu na Zaburi inayosomwa kwa sauti. Daudi alikuwa na hasira nyingi na alizipeleka zote kwa Mungu, nyingine kwa maneno makali kuliko tunavyothubutu kuomba.

Kufunga kunasaidia, kwa sharti moja. Usifunge ukiwa umejifungia peke yako na simu. Njaa na upweke vimeshatajwa kwenye daftari lako; ukiviunganisha ukaviita mfungo, usishangae. Funga ukiwa kazini au pamoja na wenzako, na simu nayo ifunge.

Yapeleke macho pia kwenye vilivyo vyema. Tazama nyuso za watoto, anga, kazi ya mikono yako, kurasa za Neno. Mtu anayejifunza kukataa tu, bila kujifunza kufurahia alichopewa, huwa mkali kwa wengine, kisha siku moja anaanguka vibaya.

Hatua ya 8: Ukianguka

Saa ya kwanza baada ya kuanguka ni ya hatari kuliko anguko lenyewe, kwa sababu ya wazo moja: "Nimeshaharibu, basi nimalizie." Kwa wazo hilo dakika tano zinakuwa usiku mzima. Simama hapohapo ulipogundua. Washa taa. Toka chumbani. Omba kwa maneno machache: "Ee Mungu, uniumbie moyo safi" (Zaburi 51:10) yanatosha, na aliyeyaandika alikuwa ametenda makubwa kuliko yako. Tuma ule ujumbe uliouhifadhi. Ulale. Asubuhi andika kwenye daftari mlango gani ulibaki wazi, uufunge siku hiyohiyo.

Usijipe adhabu. Wengine wakianguka wanasusa ushirika wiki tatu, kana kwamba aibu ni malipo. Neno linasema tukiziungama dhambi zetu yeye ni mwaminifu na wa haki hata atuondolee (1 Yohana 1:9). Amini hivyo, hata kama hisia zako zimechelewa kufika. Ukiwa mtumishi, usiendelee kujificha nyuma ya huduma. Mwambie kiongozi wako, na kama atakuomba upumzike kwa muda, pumzika.

Kuna hali zinazohitaji zaidi ya rafiki wa maombi. Kama unakosa usingizi, unapoteza kazi au fedha, umejaribu kuacha kwa dhati mara nyingi na hali inazidi kuwa nzito, mwone mshauri nasaha mwenye ujuzi wa uraibu. Kwenda kwake si upungufu wa imani. Na kama kinachotazamwa kinahusu watoto, hilo ni jinai na kuna watoto wanaoumizwa. Tafuta msaada wa kitaalamu leo, usingoje kujirekebisha kimyakimya.

Hatua ya 9: Tamaa za macho ambazo hatuziungami

Yohana alipoandika juu ya "tamaa ya macho" (1 Yohana 2:16) hakuishia kwenye zinaa. Akani aliona joho zuri, shekeli mia mbili za fedha na kabari ya dhahabu, akavitamani, akavitwaa, akavificha chini ya hema (Yoshua 7:21). Mtu anaweza kuwa msafi kabisa katika yale tuliyoyasema juu, lakini kila siku anapitia picha za harusi za wenzake, nyumba za wenzake, safari za wenzake, na anafunga simu akiwa na uchungu na mume aliyepewa, na mshahara aliopewa, na Mungu aliyempa. "Macho ya wanadamu hayashibi" (Mithali 27:20). Dawa ni zilezile: daftari, agano, kuacha kufuata, mtu wa kumwambia. Ila kwa hili ongeza moja, mtumie pongezi za kweli yule unayemwonea wivu, na umwombee kwa jina.

Hatua ya 10: Watoto wanaokutazama

Watoto wataona mambo mapema kuliko unavyodhani, pengine kwenye simu ya mwenzao, pengine kwenye simu yako. Weka vichujio, simu za nyumbani zitumike sebuleni, na yako ikiwemo. Mtoto hataelewa kwa nini ya kwake inalala sebuleni na ya baba inaingia chumbani. Zaidi ya hapo, zungumza naye kabla hajaona. Mwambie: "Siku moja utakutana na picha au video ya watu wasio na nguo. Si kosa lako kuiona. Funga, uje uniambie. Sitakupiga, wala sitakunyang'anya simu kwa sababu umeniambia."

Akija, kaa chini kwanza. Muulize kwa sauti ya kawaida aliona wapi na ni nani alimwonyesha, maana wakati mwingine anayeonyesha ni mtu mzima, na hapo habari imebadilika, inabidi umlinde mtoto mara moja. Mpe nafasi ya kuuliza, ujibu kwa ukweli wa umri wake. Na ile ahadi ya kutompiga, uitimize.